Mara ya Tano Juu ya Gendabi

Fausta Bura ni rubani. Anarusha Caravan, ndege ya pangaboi moja inayobeba abiria kumi na wawili, mali ya kampuni binafsi ya kukodisha ndege pale Arusha. Kampuni hiyo ina jeti mbili ndogo kwa ajili ya matajiri wenye haraka, lakini kazi ya vumbi, ya kutua kwenye viwanja vya udongo huko hifadhini ambako twiga hana habari na ratiba ya mtu, hufanywa na pangaboi. Fausta aliipenda kazi hiyo ya vumbi kuliko kitu chochote. Mwaka mambo haya yalipotokea alikuwa na miaka thelathini na minne, na watu wa kwao walikuwa wanamtaja hata kwa wageni waliokuja kununua mahindi.

Kwao ni Gendabi, wilaya ya Hanang. Baba yake, Bura Lohay, mkulima wa Kiiraqw, alifariki Fausta akiwa kidato cha pili. Akabaki na mama yake, Philomena, na shamba la mahindi na maharage, na ng'ombe saba ambao hawakulala nyumbani. Walilala kwenye zizi la jirani wa upande wa bondeni, Mzee Gidashanda, mfugaji wa Kidatoga. Ndivyo walivyoishi toka zamani: hawa wanalima, wale wanachunga, na ng'ombe wakiingia kwenye mahindi watu wanagombana wiki mbili, halafu wanasalimiana tena.

Mke wa Gidashanda aliitwa Udahayda. Alizaa wavulana watupu. Fausta alipokuwa anatoka shule alipitia kwake, akapewa maziwa ya mgando kwenye kibuyu, akaketi mlangoni kunywa huku mama huyo akimtazama viatu na kucheka kwamba vinakula miguu. Alimwita binti yangu. Kiswahili chake kilikuwa cha kuokoteza, lakini neno hilo alilisema sawasawa.

Fausta alikuwa mkali wa fizikia. Baada ya kidato cha sita akapata ufadhili wa kusomea urubani Afrika Kusini, akarudi na leseni, akakaa miaka miwili kwenye dawati la kukatia tiketi kabla ya kampuni ile kumpa kiti. Siku aliyorudi nyumbani na picha yake akiwa na shati jeupe lenye mistari mabegani, mama yake aliigeuzageuza ile picha, akairudisha mezani.

"Picha naiona," alisema Philomena. "Ndege siioni."

"Utaiona, mama."

Ndivyo ilivyoanza. Safari za kupeleka watalii kusini huwa na siku ambazo ndege inarudi Arusha tupu, rubani peke yake, na njia ya kurudi inapita karibu na mlima Hanang. Fausta alimpigia mama yake simu kabla ya kuruka: toka nje saa nane na nusu. Saa nane na nusu akashuka kutoka juu, akapita juu ya bati la nyumba yao, akatikisa mabawa, akapanda tena akaendelea na safari yake. Sheria inasema rubani asishuke chini ya futi mia tano penye watu. Fausta alishuka chini ya hapo. Alijua kabisa anachofanya. Aliporudi Arusha akakuta simuni ujumbe wa sauti wa vigelegele, na sauti ya mama yake ikilia na kucheka kwa pamoja.

Akafanya mara ya pili, ya tatu, ya nne. Watu walikuwa wanakusanyika uani kwa Philomena. Katekista alikuja. Mara ya nne mama yake alisema kwenye simu, kwa utani, "Unapita mbali mno. Mara nyingine niuone uso wako."

Mara ya tano ilikuwa Oktoba, siku ya mnada Katesh. Kulikuwa na joto na ardhi ilikuwa imekauka hadi rangi ya mkate. Fausta alikuja kutokea kusini, mlima ukiwa kulia kwake, akashuka hadi akaona kuku wanakimbilia jikoni. Alimwona mama yake anapunga kitenge cheupe. Akalaza ndege kushoto ili uso wake uonekane dirishani, akapunga mkono, na katika kupinda huko macho yake yakaenda nyuma ya nyumba, kule bondeni kwenye korongo.

Ng'ombe walikuwa wanatawanyika. Walitoka katikati kwenda pande zote, kama maharage yaliyomwagika mkekani, halafu wakajikusanya na kukimbia upande mmoja, upande wa korongo. Na katika njia yao alikuwepo mtu amesimama. Hakuwa anakimbia. Alikuwa ameinua mkono. Kisha Fausta akanyoosha ndege ili apande, pua ikainuka, ikafunika kila kitu, na mbele yake ikabaki anga tu.

Alicheka. Jambo hili alikuja kulisema baadaye kila aliposimulia, hakuliruka: alicheka, akasema kwa sauti, peke yake, "Poleni, ng'ombe."

Jioni hiyo hakukuta ujumbe wa sauti. Aliona kawaida, mtandao wa kule unasumbua. Mama yake alipiga kesho yake asubuhi.

"Udahayda amefariki," alisema Philomena. "Ng'ombe wamemkanyaga kwenye korongo. Vijana walikuwa mnadani na baba yao, akawa anachunga yeye."

Fausta alikuwa amesimama kwenye karakana, fundi akiwa amefungua kifuniko cha injini. "Ng'ombe walishtuka na nini?"

"Wanasema nyuki. Ule mzinga wa Ignasi uliokuwa kwenye mgunga wa korongoni umekutwa chini, nyuki wamejaa hapo."

"Ilikuwa saa ngapi, mama?"

"Mchana."

"Mchana saa ngapi?"

"Sijui, mwanangu. Mimi nilikuwa nakutazama wewe."

Fausta aliomba ruhusa ya siku mbili, akaenda kuzika. Alikaa na wanawake, akapika, akachota maji. Hakuna aliyemwangalia vibaya. Walimshukuru kwa kuacha kazi kubwa kama ile na kuja. Alipoketi karibu na Mzee Gidashanda kumpa pole, mzee huyo, aliyekuwa amenyoa kichwa na kutazama chini, alimwambia tu, "Alikupenda." Fausta alifungua mdomo. Mama yake, aliyekuwa nyuma yake, akamshika kifundo cha mkono na kukibana hadi kikauma. Akafunga mdomo.

Kuhusu Ignasi alisikia hapohapo msibani. Alikuwa mwanamume wa makamo, mkulima, hana mke, anategemea asali. Vijana wa Gidashanda walichoma mizinga yake yote kumi na mmoja, nyuki wakiwa ndani. Wazee wa pande zote mbili walikaa, wakasema ametundika mzinga karibu mno na njia ya ng'ombe, wakamtaka atoe mtamba. Alimtoa. Kabla mwezi haujaisha akafungasha akaenda kwa dada yake Agatha huko Masieda, wilaya ya Mbulu. Watu walisema heri ameondoka mwenyewe. Uani kwa Philomena siku ya ajali kulikuwa na watu zaidi ya ishirini, lakini wote walikuwa wanatazama juu, na ndege ilikuwa imekwisha kupita mara nne bila madhara. Nyuki walionekana na kila mtu.

Fausta akarudi kazini.

Viwanja vya hifadhini havina uzio. Rubani anapofika hupita kwanza chini juu ya njia ya kutua ili kufukuza wanyama, halafu anazunguka na kutua. Ni kazi ya kila siku, kama dereva kupiga honi. Mara ya kwanza baada ya msiba Fausta alipopita hivyo, pundamilia wakatawanyika kutoka katikati kwenda pande zote, kama wale ng'ombe. Alizunguka, akalenga njia, akashusha mabawa madogo ya breki. Mwisho wa njia alisimama mwanamke. Kichwani alikuwa na kitambaa cha bluu.

Fausta akasukuma nguvu ya injini hadi mwisho, akapanda. Abiria mmoja nyuma alipiga kelele. Alipozunguka tena, hapakuwa na mtu. Akatua. Mlinzi wa kiwanja, Renatus, alikuja na vigingi vya matairi.

"Kapteni, mbona uliacha kutua? Kulikuwa peupe."

"Yule mama ni nani aliyekuwa kule mwisho?"

Renatus aligeuka akatazama. Kule mwisho kulikuwa na nyasi na kichuguu. "Hapa hakuna mama, kapteni. Kijiji cha karibu ni saa mbili kwa gari."

Hakumwona kila mara. Zingeweza kupita wiki tatu, akaanza kulala vizuri, halafu siku moja akawa yupo. Hakufanya kitu. Alisimama tu, mkono chini. Fausta alijua kabisa kwamba mtu aliyekufa hasimami kwenye kiwanja cha ndege kilomita mia nne kutoka kwenye kaburi lake, na alijua vilevile kwamba siku atakayojiambia hivyo na kutua, ndiyo siku atakayokuwepo mtu wa kweli. Kwa hiyo kila mara alipanda, akazunguka.

Februari, mkuu wa marubani, Maximilian, mtu mpole aliyezoea kuongea huku anakunja karatasi, alimwita ofisini.

"Umeacha kutua mara saba, hali ya hewa nzuri, kiwanja cheupe. Mafuta si hoja. Nataka kujua unaona nini."

"Naona mtu."

"Mtu yupo?"

"Hapana."

Maximilian aliacha kukunja karatasi. Akampa likizo ya wiki mbili, akamwambia akapumzike kwao. Hakujua anampeleka wapi.

Philomena alimpokea vizuri, lakini nyumba ilikuwa imebadilika. Dirisha la upande wa bondeni lilikuwa limezibwa kwa gunia. Mama yake alikuwa amekonda, na alizungumza muda wote, juu ya mvua, juu ya bei ya mbolea, juu ya padri mpya. Siku ya pili, wakiwa wanachambua maharage, Fausta alisema, "Nitaenda kumwambia Mzee Gidashanda."

"Hutaenda."

"Mama, Ignasi amehama kwa kosa langu."

"Ignasi hana mtoto, hana mke, Masieda yuko na dada yake, anakula. Sisi tuko hapa. Unajua ikishakuwa ni sisi na wao, inaishia wapi? Ng'ombe wetu wako kwao. Watoto wa upande wetu wanacheza kwao." Philomena alitupa jiwe dogo nje ya ungo. "Na wewe watakunyang'anya leseni. Baba yako angekuwa hai angekuambia unyamaze."

"Mimi nilimwona, mama. Alikuwa amesimama."

Philomena aliendelea kuchambua. Mikono yake ilikuwa inatoa maharage mazuri pamoja na mabovu.

"Na mimi niliwaona ng'ombe," alisema mwishowe. "Nilisikia zile kwato. Niligeuka kidogo, nikawaona wanaelekea kule, na nilijua nani anachunga, maana asubuhi tulisalimiana. Halafu nikageuka tena kukupungia. Nilijiambia utapita na nitakuwa sijauona uso wako." Akaweka ungo chini. "Niliuona. Uliuonyesha vizuri."

Kesho yake Fausta aliteremka bondeni peke yake.

Mzee Gidashanda alikuwa ameketi kwenye kigoda mbele ya zizi. Mkwe wake Lucia, mke wa mwanae wa kwanza, alikuwa anasafisha vibuyu.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Umekuja."

Fausta alikaa chini kwenye vumbi. Alisema yote, kuanzia simu ya kumwambia mama yake atoke nje. Hakulia, kwa sababu alikuwa amejikataza: aliona kulia kungekuwa kumwomba mzee kitu. Lucia aliacha kibuyu, akainuka kama mtu anayetaka kuwaita wanaume, lakini mzee alimwonyesha kwa kidole akae. Fausta alipomaliza, ng'ombe mmoja alikuja kunusa bega lake akaondoka.

Gidashanda aliuliza, "Ulimwona?"

"Nilimwona, baba."

"Alikuwa anakimbia?"

"Hapana. Alikuwa amesimama."

"Anatazama wapi? Ng'ombe au juu?"

"Sijui. Aliinua mkono."

"Mkono upi?"

Fausta alifikiri. "Wa kulia."

Mzee aliinua mkono wake wa kulia, polepole, kiganja mbele, kama mtu anayezuia ng'ombe. Akautazama. Kisha akaulegeza kidogo, akaupeleka huku na huku, kama mtu anayepunga. Akafanya hivyo mara mbili, ule wa kwanza na ule wa pili, akijaribu.

"Hivi au hivi?"

"Sikuona, baba. Ndege iliinuka."

"Kila ulipopita alikuwa anatoka," alisema mzee. "Alikuwa anawaambia watu, binti yangu huyo." Akashusha mkono. "Nilizika mtu na sikujua alikufaje. Vijana walinionyesha nyuki. Sasa nenda. Nitasema na wenzangu."

Wazee walikaa siku tatu, wa pande zote mbili. Vijana wa Gidashanda walitaka mengine, na kuna usiku ambao Philomena alilala kwa katekista. Lakini baba yao alisimama akasema aliyefanya amekuja kwa miguu yake, hakuletwa. Ikaamuliwa familia ya Bura itoe ng'ombe watano kati ya wale saba, na wale wawili waondoke kwenye zizi lake. Wale watano walikuwa pale pale tayari, hawakuswagwa popote. Kilichohama ni neno la nani mwenye nao. Tena mzee aliongeza jambo lake, akimtazama Fausta.

"Usipite tena juu ya nyumba yangu. Hata kama uko juu sana. Pita kwingine."

"Ndiyo, baba."

Kwenda Masieda alipanda basi hadi Haydom, halafu bodaboda. Alimkuta Ignasi anatengeneza mpini wa jembe uani kwa Agatha. Ignasi alimsikiliza akiwa amesimama, mpini mkononi. Fausta alimwambia wazee wamesema arudi, atarudishiwa mtamba wake, na vijana watamchongea mizinga mipya.

"Walisikia wale nyuki?" aliuliza Ignasi.

"Sijakuelewa, kaka."

"Walipochoma. Mzinga ukiwaka na nyuki ndani unatoa sauti. Mimi niliisikia mara kumi na moja." Alipitisha kidole kwenye mpini kutafuta mahali penye mwiba. "Watu niliokula nao walisimama wakasikiliza. Nirudi nikawauzie asali? Hapana. Umefanya vizuri kuja. Agatha atakupa chai."

Alikunywa chai. Ignasi hakuketi naye.

Aliporudi Arusha alimwandikia Maximilian barua, tarehe, saa, na kimo, mara zote tano. Maximilian aliisoma mara mbili, akasema angependa asingeiandika, na kwa kuwa ameiandika lazima aipeleke. Mamlaka ikamzuia kuruka miezi sita. Kampuni ikamrudisha kwa kiti cha kulia, kama rubani msaidizi, mwaka mzima. Marubani wenzake, ambao nao wana mama zao, waliacha kupita chini kwao kwa muda. Sasa ni kapteni tena. Anapotoka kusini anapindisha njia mapema, anapita mashariki, upande wa Babati, dakika nane zaidi, na mlima unabaki mbali kushoto.

Yule mwanamke bado anatokea, mara moja au mbili kwa mwaka. Fausta anazunguka, anatua. Renatus haulizi tena.

Kuna kitu kingine ambacho hakukitegemea. Kila baada ya miezi kadhaa, Jumapili baada ya misa, simu inaita na ni namba ya Lucia. Lucia anasalimia, halafu anampa mzee. Gidashanda anazeeka upesi, na anataka kitu kimoja tu.

"Niambie tena."

Fausta anaingia kwenye gari, anafunga mlango, anamwambia. Nilitokea kusini. Nilipinda kushoto. Ng'ombe walikuwa wanatawanyika. Alikuwa amesimama. Aliinua mkono wa kulia. Mwanzoni aliyasema yaleyale, kama anasoma ripoti. Lakini mzee ana maswali, na kila safari anaongeza moja. Jua lilikuwa upande gani? Alikuwa na fimbo? Ng'ombe wa mbele alikuwa wa rangi gani? Fausta anajibu anachojua, na asichojua anasema hajui, na kila akisema hajui anasikia pumzi ya mzee inashuka.

Mara ya mwisho ilikuwa mwezi uliopita. Mzee aliuliza, "Kichwani alikuwa na kitu?"

Fausta alifumba macho. Alimwona kabisa. Alimwona amesimama, jua linamwakia usoni, na hakuweza kujua kama ni korongo la Gendabi lililo nyuma yake au ni nyasi na kichuguu cha kiwanja cha kusini.

"Kitambaa," alisema. "Cha bluu."

Mzee alitoa sauti ndogo, karibu ya furaha.

"Basi alikivaa," alisema. "Nilimnunulia mwaka ule, akawa anakiweka tu sandukuni. Nilidhani hakukipenda."

Lucia akachukua simu, akaaga, akakata. Fausta alibaki ndani ya gari mpaka uwanja wa kanisa ukawa mtupu.